Kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya figo ya mtoto

Mzazi mwenzangu wa Kahama, Shinyanga mjini, Geita au Katoro, tuseme daktari amekwambia leo kuwa figo za mwanao zimeshindwa kufanya kazi. Unatoka chumbani kwake umeshika karatasi ya majibu na kichwani una neno moja tu: India. Jioni ukoo unakaa. Babu anataja ng'ombe, baba mdogo anataja shamba la mpunga, mjomba aliye machimboni anasema vumilieni kidogo, duara letu linakaribia kutema. Kabla ya wiki kwisha, mnunuzi ameshafika zizini.

Nakuomba usiuze kwanza.

Sisemi hivyo kwa kuwa upandikizaji wa figo ni mambo ya matajiri. Kwa mtoto ambaye figo zake zimekufa moja kwa moja, hakuna tiba inayoushinda, na mtoto wa Msalala anaustahili sawasawa na mtoto wa Masaki. Ninachoogopa ni hesabu inayopigwa vibaya. Familia inakusanya kila ilicho nacho ili ilipie upasuaji wa siku moja, halafu inabaki mikono mitupu mbele ya dawa za miaka na miaka. Figo iliyogharimu zizi zima inaweza kupotea kwa kukosa vidonge vya miezi miwili.

Kwa hiyo kabla ya mnada, uliza kwanza: figo za mwanangu zimeshindwa kwa muda, au moja kwa moja? Malaria kali, kuharisha mpaka mwili ukauke, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, hata dawa ya mizizi aliyonyweshwa kwa nia njema, vyote vinaweza kuzizima figo kwa siku au wiki kadhaa, kisha zikaamka. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuhitaji kusafishwa damu mara chache tu, akarudi kucheza. Hahitaji figo ya mtu. Yule ambaye zimekufa moja kwa moja huwa na dalili za muda mrefu: ni mfupi kuliko wenzake, damu yake inapungua kila mara hata akipewa dawa, mifupa ni dhaifu, altrasaundi inaonyesha figo zilizosinyaa, na vipimo vya damu vinabaki vibaya mwezi baada ya mwezi. Mwulize daktari swali hilo kwa maneno hayohayo, na usione haya kumwomba aliandike jibu kwenye daftari la kliniki.

Ikiwa ni moja kwa moja, wengi huanza na mashine ya kusafisha damu. Mashine inaokoa maisha, lakini tuihesabu vizuri. Ni mara tatu kwa wiki, saa tatu au nne kila mara. Kwa mwaka ni mara 156. Kwa wengi wa kanda hii safari hiyo imekuwa ikielekea Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea watu wa Geita foleni ya kivuko, na hilo si jambo dogo kwa mgonjwa. Lakini daraja haliwezi kuisogeza Bukombe wala Mbogwe. Mwisho wake mama anapanga chumba Mwanza, baba anabaki na watoto wengine, na yule mgonjwa anasahaulika shuleni.

Halafu kuna chakula na maji. Ndizi kwa kipimo, maharage kwa kipimo, maji kwa kikombe. Jaribu kumnyima maji mtoto wa miaka minane mchana wa Oktoba Shinyanga, utanielewa.

Na hata ukivumilia yote hayo, mashine inafanya sehemu tu ya kazi ya figo. Figo huuchochea mwili utengeneze damu na husaidia kujenga mifupa. Mashine haifanyi hivyo. Ndiyo maana mtoto wa mashine hudumaa. Aliyepandikizwa figo hunywa maji, hula, hurefuka, hurudi darasani. Kwa mtu mzima tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mtoto ni kubwa zaidi, kwa sababu miaka ya kukua ikishapita hairudi.

Wazazi huuliza mtoto mdogo atawezaje kubeba figo ya mtu mzima. Anaweza. Hospitali nyingi zinazofanya kazi hii husubiri afikishe kilo kumi hivi, kisha figo ya mzazi inawekwa ndani ya tumbo lake na kuunganishwa na mishipa mikubwa ya damu na kibofu. Figo zake za zamani mara nyingi huachwa palepale zilipo.

Sasa hiyo India. Kwa miaka mingi ilikuwa kweli kwamba Mtanzania aliyehitaji figo alipanda ndege. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini ikishirikiana na wataalamu kutoka India, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kwa msaada wa Wajapani. Mtu wa Shinyanga anapanda basi asubuhi, anapita Singida, na siku hiyohiyo yuko Dodoma. Mwaka 2023 hospitali hiyohiyo iliwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Kanda ya Ziwa zinaujua kwa machozi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba madaktari wetu hawawezi kumshughulikia mtoto kwa jambo zito.

Lakini nitasema na upande wa pili. Upandikizaji wa figo hapa nchini umekuwa zaidi wa watu wazima. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Anahitaji mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, wauguzi wa watoto, dozi zinazobadilika kila anapoongezeka kilo. Idadi ya waliopandikizwa inapotangazwa kwenye redio, mimi huuliza: watoto ni wangapi? Kwa maoni yangu Wizara ya Afya inadaiwa jambo moja la wazi na wazazi wa Shinyanga na Geita: njia inayoeleweka. Mtoto aanzie wapi, aonwe na bingwa gani wa figo za watoto, apandikizwe wapi, na akirudi nyumbani apimwe damu wapi bila kwenda tena Dar es Salaam. Leo mzazi anaitafuta njia hiyo kwa kuuliza abiria mwenzake kwenye basi.

Nirudi kwenye vidonge, maana hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa duniani ulifanyika Boston, Marekani, Desemba 1954. Aliyetoa na aliyepokea walikuwa ndugu pacha wa kufanana. Walifanikiwa kwa sababu mwili wa mmoja haukuona figo ya mwenzake kuwa ni mgeni. Sisi wengine hatuna pacha. Mwili wa mwanao utaitambua figo yako kuwa ni ya mtu mwingine na utataka kuiua, hata kama wewe ni mama yake mzazi. Kinachouzuia ni dawa, asubuhi na jioni, kila siku, muda wote figo hiyo inapokuwa hai. Ukiacha kwa sababu mtoto ana afya nzuri, ndipo unapoipoteza. Wanaoongoza kwa kuziacha duniani kote ni vijana wa miaka kumi na nne hadi ishirini: wamechoka kuitwa wagonjwa, dawa nyingine zinawavimbisha mashavu, na wenzao wanawacheka. Mzazi wa kijana huyo anapaswa kuviona vidonge vikimezwa, si kuuliza tu "umekunywa?"

Dawa hizo zina masharti yake. Balungi, kwa mfano, hupandisha kiwango cha baadhi yake kwenye damu hadi zikadhuru. Mizizi na majani nayo huweza kuvuruga dozi bila wewe kujua. Simtukani mganga wa jirani yako. Nasema tu figo ya kupandikizwa na chungu cha dawa za mitishamba havikai nyumba moja.

Na hata kila kitu kikienda sawa, figo hiyo si ya milele. Ile inayotolewa na ndugu aliye hai mara nyingi hufanya kazi miaka kumi na mitano au zaidi. Mtoto wa miaka tisa huenda akahitaji nyingine akiwa mtu mzima. Ni vyema ulijue hilo leo.

Hapa ndipo bima inapokuja kabla ya ng'ombe. Wengi mnaikumbuka Toto Afya Kadi ya Sh50,400 kwa mwaka, na malalamiko ya mwaka 2023 utaratibu ulipobadilishwa na watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule. Mfuko wa bima ulieleza kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwasajili watoto wakiwa tayari wagonjwa. Niliwahurumia wazazi, na bado nawahurumia, kwa sababu mtoto mgonjwa asiye shuleni ndiye aliyebaki nje. Lakini lawama ile haikuwa ya uongo. Ni nani kati yetu aliyekata bima ya mtoto anayeruka kamba uani? Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Usiisikilize kama habari ya siasa. Nenda ofisi ya bima iliyo karibu nawe, uliza kifurushi kinacholipia kusafisha damu, upasuaji, na hasa dawa za kuzuia mwili usiikatae figo baada ya upasuaji. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Kifurushi kinacholipia upasuaji na kukuacha na dawa ni sawa na kununuliwa pikipiki bila mafuta.

Na kwa serikali, kama ningeulizwa ianze wapi, ningesema ianze na dawa hizo. Majengo tunayaona yakizinduliwa. Kidonge cha saa mbili usiku cha mtoto wa Nyang'hwale hakikatiwi utepe.

Ukishakuwa na bima, ng'ombe wana kazi nyingine: nauli, chumba cha kupanga, chakula cha anayemuuguza, michango ya kila mwaka. Uza kidogokidogo. Wanaozaa wabaki.

Baada ya hapo tuzungumze figo itatoka kwa nani. Mzazi huwa na nusu ya vinasaba vinavyofanana na vya mtoto, hivyo baba na mama ndio wa kufikiriwa kwanza, kisha kaka au dada aliyetimiza miaka 18, shangazi, mjomba. Makundi ya damu yakubaliane. Mwenye O anaweza kumpa yeyote. Mtoaji asiwe na presha wala kisukari, na figo zake zote mbili ziwe nzima. Mtu mzima mwenye afya huishi na figo moja, na ile inayobaki huongeza kazi yake. Si kweli kwamba mwanamume anayetoa figo hupoteza nguvu za kiume. Mwanamke anaweza kuzaa baadaye, ila asubiri kwanza na mimba yake ifuatiliwe kwa karibu, kwa sababu hatari ya presha wakati wa ujauzito huongezeka kidogo.

Duniani kote wanawake hutoa figo kuliko wanaume. Sababu inayotajwa huku kwetu ni kwamba baba ndiye mtafutaji, anashuka duarani, anabeba viroba vya mawe. Ni kweli kwamba mtoaji hatakiwi kubeba mizigo mizito kwa wiki sita au zaidi. Wiki sita, si maisha. Akina baba, hilo lipimeni wenyewe. Na kama umefanya kazi kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, umeshika zebaki kwa mikono, au unameza diklofenaki kila siku kwa maumivu ya mgongo, mweleze daktari bila kuficha, kwa sababu vyote viwili hugusa figo. Kama umewahi kuugua kichocho, sema pia, kinatibika.

Kuna jambo ambalo akina mama hawalisemi kwa sauti. Vipimo vya kulinganisha mtoaji na mtoto vinaweza kuonyesha kwamba baba wa nyumbani siye aliyemzaa mtoto. Nimesikia ya mama aliyekataa kumpeleka mtoto kwenye vipimo, na ukoo ukamwita mchawi, kumbe hofu yake ilikuwa hiyo. Mama, omba kuonana na daktari peke yako kabla ya vipimo. Siri yako ni ya kliniki. Na daktari anaweza kumwambia mtu yeyote "wewe hufai kutoa" bila kumtajia sababu. Maneno hayohayo humsaidia pia ndugu anayeshinikizwa na ukoo ilhali moyo wake umekataa. Figo hutolewa kwa hiari, bila kulazimishwa.

Wala hainunuliwi. Akija dalali machimboni akisema anajua mtu anayeuza, au mtu anayenunua, mkimbie. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret ili kuchunguza tuhuma za biashara ya figo. Wanaosakwa na madalali wa namna hiyo ni vijana maskini wanaotafuta mtaji, na vijana hao tunao wengi kuanzia Rwamgasa hadi Kakola.

Sasa nigeukie mzazi ambaye mtoto wake hajafika huko, kwa sababu watoto wengi wangezuiwa wasifike.

Mtoto akiamka macho yamevimba, mchana yakashuka, jioni miguu ikavimba, usikubali kuambiwa ni utapiamlo au amelogwa kabla mkojo haujapimwa. Mkojo wenye povu jingi, mkojo wa rangi ya Coca-Cola baada ya homa ya koo au upele wenye usaha, mtoto wa kiume ambaye tangu kuzaliwa mkojo wake hutoka kwa matone au kwa kujikamua: hizo ni habari za figo. Huyo wa mwisho huenda amezaliwa na kizuizi kwenye njia ya mkojo kinachotolewa kwa upasuaji mdogo. Akichelewa, figo huoza taratibu bila hata homa. Mkojo wenye damu kwa watoto wanaooga kwenye malambo na kwenye majaruba ya mpunga huko Shinyanga umekuwa jambo la kawaida, hata baadhi ya wavulana huuona kama dalili ya kukua. Ni kichocho, na kikiachwa miaka huziba mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Mtoto mwenye selimundu naye apimwe mkojo kila mwaka.

Na zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima waliovimba mwili kwa figo kuvuja protini, na wengi wao walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki ni ileile. Anayeichoma kwenye kikaango jikoni ili abakishe dhahabu anawavutisha moshi wake watoto waliolala chumba cha pili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake mwaka 2020, lakini mkataba haulali nyumbani kwako. Ichomwe mbali na nyumba, kwenye chombo kinachokamata moshi, na nguo za mwaloni zisifuliwe pamoja na za watoto. Krimu ya kujichubua itupwe.

Kijiti cha kupimia mkojo kinachovya, kinasubiriwa dakika moja au mbili, kinasomwa kwa rangi. Ni kipimo rahisi kuliko karibu vyote. Pamoja na mkanda wa presha wa saizi ya mkono wa mtoto, ningependa kuviona kila zahanati ya mkoa wa Geita na Shinyanga kabla ya kuona mashine nyingine mpya. Ukienda zahanati, kiombe. Ukiambiwa hakipo, mwulize mwenyekiti wa kamati ya afya ya zahanati kwa nini hakipo. Kamati hizo zipo kwa ajili ya maswali kama hayo.

Kama mwanao tayari yumo kwenye safari ya kupandikizwa, safari ijayo beba na kadi yake ya chanjo. Chanjo ya surua na rubela na ile ya homa ya manjano zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na hazitolewi mtu akishaanza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo. Zinatakiwa zikamilike mapema, wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Kama kadi imepotea, anzia zahanati alikochanjwa. Jina lake huenda bado lipo kwenye daftari lao.